Sista Hamdu, Aliyeshukuru Mbele ya Chupa Tupu

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika hospitali hii, ishirini na moja kati yake katika kitengo cha kusafisha damu na wodi ya figo, Sista Hamdu atavua sare yake kwa mara ya mwisho tarehe thelathini mwezi huu. Jina lake la kwenye kitambulisho lipo, na katibu wa jarida hili la hospitali alinisihi nilitumie. Nikajaribu. Nilimuuliza mlinzi wa getini kama anamfahamu mtu mwenye jina hilo, akanijibu kwamba mtu huyo hajaajiriwa hapa. Basi na tubaki na Sista Hamdu.

Anayeandika ni fundi wa mashine za kusafisha damu. Nimepewa kazi hii kwa sababu, kwa mujibu wa katibu, mimi nina maneno mengi kuliko spana. Nimekubali bila kinyongo. Wauguzi wangeandika vizuri zaidi, ila wao wakianza tu kumtaja wanatafuta leso, na jarida lina siku yake ya kwenda kuchapwa.

Sista Hamdu alianza kazi wodi ya watoto, ambako aliwahi kupewa onyo kwa kuwaimbia wagonjwa hadi watu wa wodi ya jirani wakalalamika. Akahamishiwa wodi ya wazazi, akakaa huko miaka mingi, na ukipita naye mjini utachoka kungoja, maana kila hatua anasimamishwa na kijana aliyempokea akiwa hajafumbua macho. Kitengo cha figo kilipofunguliwa, ndani ya chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, watu walikikwepa. Kilikuwa na mashine mbili, feni moja yenye kelele, na sifa mbaya. Wauguzi waliotajwa kwenda huko walianza ghafla kuumwa migongo. Yeye alisema atakwenda, ilimradi apewe kiti chenye miguu minne. Alichopewa kilikuwa na mitatu na tofali, akaenda hivyo hivyo.

Siku aliyoripoti nilimtembeza. Nilimwonyesha chumba cha nyuma ambako maji hupita chujio baada ya chujio kabla ya kuruhusiwa kuikaribia mashine. Nilimwonyesha pampu, vipima joto, king'ora, na mipira inayotoa damu mwilini na kuirudisha, huku mgonjwa amelala hapo nusu ya siku, na kesho kutwa arudi tena. Nilijigamba, sikatai. Akauliza mitambo yote hii inafanya kazi ya nini hasa. Nikamwambia ni kazi ya figo mbili, kila moja ukubwa wa ngumi yake, na kwamba hata hivyo mashine haifikii, inajikongoja tu.

Akaweka viganja vyote viwili nyuma ya kiuno, akasema, "Na mimi nimezunguka nazo maisha yote bila hata kuzijulia hali." Kisha akasema Alhamdulillahi, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyeshtuka. Mimi nilikuwa nimesomea mashine zile, nimezifungua na kuzifunga, na nilikuwa sijawahi kushtuka. Siku ile nywele zilinisimama. Jina la Sista Hamdu lilianzia pale, na aliyemwita hivyo mara ya kwanza ni mimi.

Wasiofanya kazi kwetu hawajui kwamba wengi wa wagonjwa wetu hawakojoi kabisa. Soma tena sentensi hiyo, ndugu msomaji, kisha jiulize leo umekwenda mara ngapi na kama uliliona kuwa ni jambo. Wale wanaopata haja, hata kidogo, mkojo wao hupimwa. Sista Hamdu alikuwa akiumimina kwenye jagi la kupimia, analipeleka dirishani penye mwanga, anasoma, anasema Alhamdulillahi, ndipo anaandika. Alifanya hivyo kwa jagi lililojaa na kwa jagi lenye kiasi cha kijiko.

Wanafunzi wa uuguzi walicheka mwanzoni. Hakuwakemea. Aliwaambia kwamba wengi wetu tulifundishwa tangu utotoni, tukitoka chooni, tumshukuru Aliyetuondolea udhia akatuachia afya, na wengi tunaisema dua hiyo mkono uko kwenye kitasa na akili iko sokoni. Akawaambia kuna watu kwenye vitanda vile wangetoa nyumba zao ili waiseme mara moja tu kwa haki. "Nenda kamtazame mmoja wao machoni, halafu urudi ucheke," alisema. Hakuna aliyerudi akicheka.

Asije mtu akadhani alikuwa mama mpole wa kukubali kila kitu. Mtunza stoo wetu anamkumbuka vizuri. Wakati fulani glovu ziliadimika, na mtunza stoo, akijua yuko ana kwa ana na nani, akamshauri ashukuru kwa hizo chache zilizopo. Sista akamwambia kwamba yeye Mungu anamshukuru usiku na mchana, lakini Mungu hakuzifungia glovu kabatini na kukalia ufunguo. Glovu zilipatikana kabla ya chai. Kwake, kushukuru mikono ni kuivalisha glovu, na kushukuru mgonjwa kuletwa kwako ni kutomwambukiza. Kitengo chetu kimekuwa kikisifiwa kwa kuwa na maambukizi machache kwenye mishipa ya wagonjwa, wageni wakaja kujifunza siri, wakakuta siri yenyewe ni mwanamke mmoja aliyesimama kando ya sinki akitazama kila anayenawa.

Maji ndiyo yalikuwa ugomvi wetu. Mimi nikitawadha hufungua koki nikaiacha ikimwagika, tabia ya mtu anayeishi na mabomba. Yeye alikuwa akipita anaifunga, hata kama nina sabuni usoni. Alinieleza mara moja tu: wagonjwa wetu hupimiwa maji ya kunywa kwa kikombe kidogo siku nzima, wanalamba midomo, na wewe unamwaga mbele ya macho yao.

Nyumbani kwake, mumewe fundi seremala anasimulia kwamba mjukuu wao wa kwanza alikua akimsikia bibi yake. Siku moja wamekuja wageni wa heshima, wamekaa wima, chai inamiminwa, mjukuu akatoka chooni, akasimama katikati ya sebule na kutangaza kwamba amekojoa, Alhamdulillahi, tena mwingi. Seremala alitamani sakafu ipasuke. Sista Hamdu alimpigia makofi, wageni nao, baada ya kutazamana, wakapiga.

Aliwahi kuchaguliwa mfanyakazi bora, akapewa pasi ya umeme ambayo ilimpiga shoti siku ya kwanza, nikamtengenezea. Amefundisha wauguzi ambao sasa wanaongoza vitengo vya figo katika hospitali nyingine. Aliupigania mlango wa choo cha wagonjwa, uliokuwa haufungi, mpaka mkurugenzi mwenyewe akaja kuujaribu. Haya yote yamo kwenye faili lake. Siku ninayotaka kuisimulia haimo.

Maalim ni mwalimu wa madrasa aliyekuja kwenye mashine zetu kwa miaka. Mtu wa adabu, msafi kupita kiasi, anayepangusa kitanda kabla na baada ya kukilalia. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, alimpa figo yake moja. Upandikizaji ukafanyika hapa hapa, na figo ikaanza kazi mgonjwa akiwa bado mezani. Siku zilizofuata mkojo ulishuka kwenye mpira mpaka kwenye mfuko, na Sista Hamdu alikuwa mtu wa kwenda dirishani na kurudi. Kisha ikafika alfajiri ya kutoa mpira. Maalim akapewa chupa, akaelezwa kwamba kila haja aitie humo ili ipimwe. Akaitikia kwa kichwa.

Jua lilipopanda, chupa ilikuwa kavu. Daktari wa zamu alipopita alimkuta mama mkwe wa Maalim ameketi kando ya kitanda, na bila kufikiria mara mbili akauliza, kwa sauti ya kusikika wodi nzima, "Maalim, umekojoa leo?" Maalim akatikisa kichwa. Wakampeleka kupigwa altrasaundi, kibofu kikaonekana kitupu. Figo iliyokuwa nzima jana, leo haitoi hata tone. Damu yake ikakimbizwa maabara, na watu wa chumba cha upasuaji wakaambiwa wajiandae, kwa sababu katika hali kama ile kuchelewa ni kuipoteza figo. Daktari akaagiza Maalim asiambiwe kwanza, presha isije ikapanda. Hakukosea, yeyote angefanya hivyo.

Dada mtu alikuwa bado amelazwa wodi ya wanawake, kidonda chake kilichelewa kukauka. Mimi nilikuwa nje ya mlango wake nikihangaika na koki ya sinki la korido. Aliona watu wakipita haraka na kukwepa kumtazama, akaelewa kwamba kuna jambo, akaita. Aliyeingia ni Sista Hamdu.

Nilimwona akisimama upande wa miguu wa kitanda. Dada akamuuliza figo inaendeleaje. Sista hakuwa na mazoea ya kuwadanganya wagonjwa, na hakuyaanza siku ile. Akamwambia chupa ni tupu, kibofu ni kitupu, ndugu yake anaandaliwa kupasuliwa tena, na huenda figo ikatolewa.

Dada akafumba macho. Nilijiandaa kusikia ukelele. Alipoyafumbua akauliza, "Mbona leo husemi lile neno lako, Sista?"

Sista akajaribu. Sauti haikutoka.

"Alhamdulillahi," dada akasema mwenyewe. Mkono juu ya bandeji, akaendelea polepole. "Kwani mbili hizi niliziomba mimi? Nimezaliwa nimewekewa. Nikashona nazo, nikazaa nazo, nikazeeka nazo, hakuna aliyekuja kunidai. Nikapewa na ndugu wa kumpa moja, nikapewa na moyo wa kuitoa. Ikikubali, ya Mungu. Ikikataa, ya Mungu. Mimi nimeshafaidi." Kisha akaongeza, "Ila na yeye mwambieni. Msimfiche. Ile si yangu tena, ni yake."

Sista Hamdu akageukia kibla, pale pale katikati ya kitanda na stendi ya dripu, akashuka sakafuni akasujudu, kalamu zikimdondoka mfukoni. Nilisimama na spana mkononi, koki inanilowesha mkono wa shati, na sikuweza kuinua mguu. Mtu amekatwa kiungo chake, pengine bure kabisa, na anashukuru, na anamaanisha kila herufi. Nimefungua mashine nyingi maishani. Sijawahi kufungua kitu nikakuta ndani yake cha kutisha na kizuri kama kile. Miezi baadaye nilimuuliza Sista alisujudia nini na chupa ilikuwa tupu. Akanijibu kwamba kuna watu wanakufa bila kuonyeshwa mtu kama yule, na yeye ameonyeshwa akiwa kazini.

Alipoinuka akapangusa paji la uso na kwenda kwa daktari, akamweleza kwamba aliyetoa figo ameomba ndugu yake aambiwe. Daktari akafikiri kidogo, akasema twende wote. Wakamwomba mama mkwe awapishe, akatoka na mkoba wake. Sista akamweleza Maalim yote, bila kuzunguka.

Maalim akafunika uso kwa viganja, masikio yamemwiva. "Sista," akasema, "mimi tangu alfajiri nakwenda chooni."

Daktari akauliza amekwenda mara ngapi.

"Kila nikilala naamshwa, daktari. Mwingi. Mwingi mno."

Kumbe chupa ilikuwa imetundikwa jirani na mswala wake. Aliogopa tone lisije likaruka likamharibia tohara, kwa hiyo kila mara alijikokota mpaka chooni, akajisafisha, akarudi kimyakimya. Na alipoulizwa habari zile mbele ya mama mkwe, yeye angejibu nini? Hata kabla ya altrasaundi alipitia chooni kwanza, kwa adabu, asije akamharibia fundi wa picha kitanda chake. Sisi tulimficha asiogope, yeye akatuficha asituaibishe, na kati ya heshima hizo mbili tulikaribia kumpasua mtu mzima.

Kuna jambo jingine alilolisema, ambalo daktari ndiye aliyenisimulia, na macho ya daktari hayakuwa makavu. Ile haja ya kwanza ya alfajiri, Maalim aliposikia sauti yake ikigonga sakafu, sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka, alijishika ukutani. Alipotoka alisimama mlangoni asome dua yake, akakuta imempotea. Dua aliyowafundisha watoto wa watu darasa baada ya darasa! Ikabidi aitafute neno kwa neno, huku analia, mpaka ikarudi.

Watu wa chumba cha upasuaji wakaambiwa wapumzike. Majibu ya damu yakaja, mazuri kuliko tulivyoota. Daktari alicheka mpaka akashika mbavu, Maalim naye akacheka akiwa ameshika kidonda, na mama mkwe aliporudi akauliza wanachekea nini. Mpaka leo hajaambiwa.

Sista Hamdu alirudi wodi ya wanawake akikimbia. Kwa miaka yote hiyo sikuwa nimemwona akikimbia, hata siku transfoma ililipuka. Akamwambia dada figo inafanya kazi, tena inafanya kazi kwa fujo. Nilitega sikio kusikia Alhamdulillahi. Dada akasema, "Nimeshasema, Sista. Sasa niache nilie." Akalia kama mtoto mdogo, na Sista akamwekea kiganja juu ya kidonda kisije kikafumuka.

Mpaka siku ile, Sista Hamdu alikuwa akitazama jagi kwanza, kisha anashukuru. Kuanzia kesho yake alibadilisha utaratibu: jagi likiwa bado limefunikwa, anasema neno lake, ndipo analipeleka dirishani. Wanafunzi walidhani uzee unamchanganya, na baadhi yenu mmeniuliza. Nadhani sasa mmeelewa. Alikuwa amejifunza kwa fundi cherehani kwamba shukrani ikingoja kuona kilichomo ndani, inakuwa imeshaanza kupatana bei.

Mgeni wa heshima katika sherehe ya kumuaga, ukumbi wa mikutano, baada ya sala ya adhuhuri, ni dada huyo huyo. Maalim atakuja pia, mzima wa afya, na tumekubaliana kwamba hakuna atakayemuuliza chochote kwa sauti. Seremala ametengeneza kiti cha zawadi, chenye miguu minne, na nimekikalia mwenyewe kuhakikisha.

Sista Hamdu, kwa niaba ya wauguzi wasioweza kuandika bila leso, wa madaktari, wa mtunza stoo ambaye ametia saini kadi yako kwa herufi kubwa kuliko wote, na wa wagonjwa uliowafunga na kuwafungua mipira kwa mkono mwepesi, tunakushukuru. Mungu akupe usingizi wa kutosha, mume asiyechoka kukuchongea, wajukuu wa kukutia aibu mbele za watu, na mwili unaokutumikia kama ulivyotutumikia. Mwenzako wa kushika zamu ameshateuliwa, anaanza kazi siku utakayoondoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufanya naye kazi. Wodi ya figo bila wewe itakuwaje, hatujui. Bado hatujatazama.

Alhamdulillahi.